Habari za Toyota katika Nchi ya Kwale

Msafiri avukaye kivuko cha Likoni wakati bahari imejaa, akisimama kando na kuyatazama magari yashukavyo kutoka katika feri, ataona jambo ambalo wenyeji wameliona mara nyingi hata hawalitazami tena: kila gari, kabla ya kupanda kilima cha upande wa kusini, hukanyaga maji ya chumvi yaliyolala juu ya zege, na maji hayo huruka yakaliroweka tumbo la gari, yakaingia penye springi na mabomba ya breki na vitundu vya chasisi ambavyo mkono wa mwoshaji haufiki. Akiendelea kutazama ataona pia kwamba magari mengi kati ya hayo, yawe ya abiria yaendayo Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, au ya watalii yaendayo Diani, au ya serikali yaendayo Kwale, yana jina moja. Jina hilo ni Toyota. Nimekusudia kueleza jinsi lilivyofika kwetu na jinsi lilivyopata sifa, na kwa nini wenye magari hayo, ukiwauliza leo, mmoja atakusifia hata uone haya kubisha, na wa pili atakulalamikia hata umwonee huruma, ilhali wote wawili wasema kweli.

Wazee wetu waliijua Japani kwa nguo kabla ya kuijua kwa magari. Katika miaka ya 1930 marobota ya nguo za pamba kutoka huko yalijaa katika maduka ya Mombasa kwa bei ambayo viwanda vya Lancashire havikuiweza, na kanga zilizopigwa chapa Japani zilivaliwa na mama zetu kwa miaka mingi baadaye. Nalitaja hili kwa sababu Toyota nayo ilizaliwa katika nyumba ya mfumaji. Sakichi Toyoda, mwana wa seremala, aliyezaliwa mwaka 1867, aliutumia umri wake katika kuunda vitanda vya mfumi, na mwaka 1924 kikatimia kitanda kilichokuwa na maarifa ya ajabu: uzi ukikatika, chenyewe husimama, ili nguo yenye ila isiendelee kufumwa. Mwaka 1929 haki ya kukitengeneza kitanda hicho iliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, na mwanawe, Kiichiro, akaelekeza fikira zake kwenye magari. Jina likabadilishwa kutoka Toyoda kuwa Toyota mwaka 1936, kwa kuwa katika maandishi ya Kijapani jina jipya lilitimia kwa mikwaju minane ya kalamu, nayo nane kwao ni hesabu ya baraka, na mwaka uliofuata kampuni ya magari ikasimama peke yake.

Wakati huo nchi ya Kwale ilikuwa na magari machache. Baada ya vita vya pili Bwana DC, mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni, alishuka kutoka Kwale kwa Land Rover. Nazi, korosho na magunia ya mahindi yalibebwa na malori ya Bedford yenye bodi za mbao. Miwa ya Ramisi ilikuwa na reli yake ndogo. Na mtu wa kawaida alikwenda kwa miguu, au kwa baiskeli, au alipanda juu ya mzigo wa lori akiwa ameshika kamba. Baadaye zikaja Peugeot, na hasa ile 504, ambayo dereva wa zamani wa Msambweni hata leo akiitaja husimama kidogo, kama mtu aliyetaja jina la marehemu aliyempenda.

Katika zama za Bwana DC Japani ilikuwa ikiunda gari la namna ya lile lake. Mwaka 1951 gari la kwanza la jamii ile, lililoitwa Toyota BJ, lilipandishwa mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari lilikuwa halijapata kufika, na kwa ithibati hiyo polisi wa Japani wakalikubali. Mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Sifa ya magari ya Kijapani kwa jumla, hata hivyo, haikuletwa kwetu na Toyota. Ililetwa na mashindano ya magari ya Safari, na waliotangulia kuieneza walikuwa Datsun, walioshinda mwaka 1970, 1971 na 1973, wakafuatwa na Joginder Singh aliyeshinda kwa Mitsubishi mwaka 1974 na 1976, kisha Shekhar Mehta aliyeirudishia Datsun ushindi mara nne mfululizo tangu 1979 hata 1982. Toyota ilifuata nyuma, ikashinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Watu waliosikiliza redioni habari za magari yaliyopita katika matope na mawe yetu wenyewe hawakuhitaji tangazo jingine, na kwa kuwa bei ya petroli ilikuwa imepanda ghafula tangu mwisho wa mwaka 1973, injini ndogo isiyokunywa sana ilionekana kuwa neema.

Mwaka huo huo wa 1973 Mzee Kenyatta aliwaruhusu wenye matatu kubeba abiria bila leseni waliyokuwa wakidaiwa, na kutoka hapo tijara ya usafiri ikafunguka mlango kwa mtu mdogo. Gari lililokuja kuimiliki tijara hiyo katika njia yetu ya kusini ni Hiace, ambayo Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 1967. Ni ajabu, nami naona ni jambo la kuhuzunisha kidogo kwa ajili ya insafu, kwamba sehemu nyingi za Kenya watu walizoea kuliita kila gari la namna hiyo Nissan, hata likiwa na jina la Toyota usoni. Lakini dereva na fundi hawakukosea, na ile ya miaka ya 1990 yenye pua iliyochongoka waliipa jina la Shark, yaani papa.

Ami yangu alikuwa na moja ya dizeli, aliyoipeleka Likoni na Msambweni kila siku isipokuwa Ijumaa baada ya adhuhuri. Jioni dereva na makanga wake walikuja barazani na hesabu ya siku, noti zimekunjwa kwa urefu kati ya vidole, zikinuka dizeli na jasho, naye alizinyoosha moja moja juu ya mkeka kabla ya kuzihesabu. Nikamwuliza siku moja, “Ami, gari hili mbona halisemwi kuwa bovu?” Akanijibu, “Mwanangu, hili halitaki maneno. Litie maji, litie oili, liache liende.” Kwa miaka kadhaa ilikuwa hivyo. Katika gari lililoundwa kwa watu kumi na wanne walipakiwa ishirini na zaidi, na vikapu vya samaki wa Gazi vikawekwa chini ya miguu yao, na gari likaenda. Kisha zikaja kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari mwaka 2004: abiria kumi na wanne tu, mikanda kwa kila kiti, kidhibiti cha mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni. Wenye magari walilia, na ami alilia pamoja nao, lakini nilimsikia pia akikiri kwamba springi zake zilikuwa hazijapata kupumzika namna ile tangu gari liliposhuka melini.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo naliona kuwa asili ya ile hitilafu ya maneno ya wenye magari niliyoitaja mwanzoni. Toyota katika nchi ya Kwale ni jina moja kwa bidhaa mbili. Iko Toyota mpya, Land Cruiser na Hilux, ambazo nyingi huunganishwa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers huko Miritini, zikanunuliwa na idara za serikali, mashirika na mahoteli, zikatunzwa kwa ratiba, zikatiwa vipuri halisi kwa fedha isiyotoka mfukoni mwa dereva. Gari la wagonjwa lililopanda na kushuka barabara ya Kinango kabla haijatiwa lami, mvua za masika na vumbi la kiangazi, likafika Msambweni na mama mjamzito akiwa salama, ni la jamii hiyo, na sifa zake ni za haki kabisa.

Na iko Toyota ya pili, ambayo ndiyo ya mwalimu, ya muuza duka, ya mwenye teksi na ya ami. Hii ilianza kuja kwa wingi serikali ilipolegeza masharti ya biashara mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sababu ya wingi wake ni nyepesi kueleza. Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto na usukani wao uko kulia. Na sheria yao huamuru gari dogo jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, kwa gharama inayomfanya mtu mwenye kipato chema aone afadhali kuuza kuliko kulipa. Gari ambalo kwao limekuwa mzigo, kwetu ni mali. Kenya nayo imeweka mpaka kuwa lisizidi miaka minane, na likaguliwe kabla ya kupakiwa. Lakini miaka minane ni miaka minane, na nguvu za ujana wa gari zimekwisha kutumika katika barabara za watu wengine. Anayelinunua katika yadi ya Mombasa hununua jina lililojengwa na lile la kwanza, kisha huishi na hali ya lile la pili.

Hayo nayajua kwa msiba wangu mwenyewe. Nilinunua gari dogo lililosafishwa hata likanukia kama duka la manukato, na dalali, ambaye sitamtaja, alinionyesha kilomita chache kwenye dashibodi nami nikazisadiki. Baada ya miezi michache nikalipeleka kwa fundi mmoja wa Ukunda, mtu mzima, afanyaye kazi chini ya mwembe. Hakufungua boneti. Alilala chali juu ya kipande cha boksi, akajivuta chini ya gari akiwa na bisibisi mkononi, akaanza kugonga chasisi polepole kutoka mbele kwenda nyuma, akisikiliza. Tik, tik, tik, mlio mkavu wa chuma kizima. Kisha karibu na gurudumu la nyuma la kushoto mlio ukawa mzito, na bisibisi ikazama kama iliyochomwa katika andazi. Akatoka na ganda jekundu kiganjani, akaniwekea mkononi bila neno. Ndipo akanionyesha pedali ya breki, mpira wake umelika hata chuma kimeonekana, akasema, “Mzee, mguu haudanganyi. Hizi kilomita zimerudishwa nyuma.” Gari halikuwa na hatia yoyote. Lilikuwa limefanya kazi yake yote kwa uaminifu, na mtu akaja akalisingizia ujana.

Mafundi kama huyu ndio wanaostahili nusu ya sifa wapewayo Wajapani, nami nalisema hili kwa moyo wote. Wao ndio waliogundua kwamba gari la pwani lioshwe kwa maji baridi tumboni, wala si usoni tu, kisha lipakwe oili chafu chini ili chumvi isishike. Wao ndio wanaotambua kwa kugusa tu kipuri cha ghushi kilichotiwa katika boksi lenye maandishi ya asili, na ndio wamwambiao maskini kwamba kipuri kilichotumika cha kutoka Japani kitamdumu kuliko kipya kisichojulikana kilikotoka. Gari ambalo vipuri vyake hupatikana kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, na ambalo kila kijana wa gereji amelifungua na kulifunga, halina budi kuonekana kuwa gumu.

Wala kampuni yenyewe haikukosa taksiri. Katika miaka ya 2009 na 2010 iliyarudisha mamilioni ya magari duniani kwa sababu ya kasoro za pedali na mikeka ya sakafuni, na Akio Toyoda, kitukuu cha yule mfumaji, alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani tarehe 24 Februari 2010, akaomba radhi na kukiri kwamba huenda kampuni ilikua kwa haraka mno. Uzi ulikatika, na kitanda kikachelewa kusimama.

Siku hizi Hiace imepungukiwa na enzi yake. Kutoka Ukunda kwenda ufukweni Diani watu hupanda tuktuk za Kihindi, vijijini bodaboda imekwenda pasipofikiwa na gari, na upande wa Kinango heshima imehamia kwa Probox, kijigari kilichoanza kuundwa mwaka 2002 kwa ajili ya wachuuzi wa Japani kubebea sampuli zao, ambacho kwetu hubeba magunia ya mabuyu, mbuzi, na watu hata nyuma kwenye mizigo. Mwili wa binadamu haukukusudiwa kukaa pale, na kila nikiona miguu ya mtoto ikining'inia katika mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba, huona kwamba tumeyarudia makosa yale yale yaliyoletewa kanuni za mwaka 2004.

Jambo jipya ni barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa serikali ya Japani, itokayo Miritini, kule kule ziunganishwako Land Cruiser, ikavuka maji kwa madaraja na kutokea upande wetu bila kukanyaga feri. Yule fundi wa Ukunda angali chini ya mwembe wake. Mteja mgeni akifika na gari lake, kabla hajalala juu ya boksi na kuanza kugonga, humwuliza kwanza: “Wewe wapitia feri, au Dongo Kundu?”