Kiangazi cha nani?

Mwaka 1887 Camille Pissarro alichora wakulima wakikusanya nyasi za malisho kijijini Éragny, Ufaransa. Alitumia mtindo wa nukta aliojifunza kwa Georges Seurat, kijana kwake: rangi hazikorogwi sana kwenye kibao, huwekwa nukta kwa nukta, bega kwa bega, na jicho la mtazamaji ndilo linalozichanganya.

Wafasiri wetu huiita picha ya namna hiyo "mashamba wakati wa kiangazi". Msomaji wa Mugumu, wilayani Serengeti, ataona nini akilini? Kiangazi ni ndugu wa anga na kuangaa, majira ya mwanga mvua ikishakoma, na hapo neno linafaa. Lakini huko Serengeti, Juni hadi Oktoba, nyasi hukauka zikiwa bado zimesimama, vumbi hutanda, nyumbu huelekea kaskazini kwenye Mto Mara, na usiku wa Julai unataka blanketi. Éragny, Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya joto, na miti imejaa majani. Tena hata ndani ya mkoa wa Mara kiangazi si kimoja: Tarime, kule milimani, migomba hubaki kijani wakati mbuga za jirani zimegeuka manjano!

Kwa picha za Ulaya naomba tuandike "majira ya joto ya Ulaya". Kiangazi kibaki na maana yake ya ukavu. Na mchoraji wa Serengeti atakayekichora kwa nukta aanze na manjano, kahawia na weusi wa nyasi zilizoungua. Kijani akiweke kwenye kingo za mto tu.