Mkwaju kama Herufi: Maandishi ya Kiiraqw na Vitufe vya Kompyuta

Katika nyanda za juu za Karatu, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu katika mwaka wa 1995, neno lenye maana ya mahindi huandikwa /ayto'o. Msomaji aliyezoea Kiswahili atadhani kwamba mpiga chapa amekosea. Hakukosea. Mkwaju unaolitangulia neno hilo ni konsonanti kamili, ile sauti ya kooni ambayo waliosoma Kurani huijua kwa jina la ain. Na ritifaa ni konsonanti nyingine.

Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, nayo ina sauti ambazo alfabeti ya Kiswahili haikuundwa kuzipokea. Nyingine zilipatiwa herufi za kuunganisha: hh katika hhawata, yaani mwanamume, sl katika slee, yaani ng'ombe. Hiyo ain ndiyo iliyopewa mkwaju, nao umedumu katika sarufi ya Maarten Mous ya mwaka wa 1993 na katika kamusi aliyoitoa pamoja na Martha Qorro na Roland Kießling mwaka wa 2002. Faida yake yaonekana wazi: kila mashine ya kupigia chapa ilikuwa nao. Wataalamu wa lugha ya majirani wa Ngorongoro walishika njia nyingine. Tucker na Mpaayei, katika sarufi yao ya Kimaasai ya mwaka wa 1955, waliongeza herufi za irabu zisizokuwamo katika mashine za kawaida. Wasomali nao, katika mwaka wa 1972, waliipa ain herufi c. Kiiraqw hakiitumii c hata leo.

Hapana shaka kwamba mkwaju ulikuwa uamuzi wa busara kwa karatasi. Kompyuta ilikwisha uweka katika kazi nyingine. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa katika maabara ya Bell mwaka wa 1969, uliufanya kuwa kitenganishi cha majina ya folda, hata ukakatazwa kabisa ndani ya jina la faili. Katika kihariri matini cha vi, alichokianza Bill Joy mwaka wa 1976, mkwaju ukawa amri ya kutafuta neno. Emacs, kihariri cha mwaka huo huo, kiliziacha herufi zijiandike zenyewe, kikaweka amri zake katika kitufe cha Control.

Desturi hizo mbili hazikubaki katika vihariri. Sheli ya David Korn, iliyotangazwa mwaka wa 1983, ilimruhusu mtumiaji kuchagua mojawapo anapoandika amri. Na bash ya Brian Fox ya mwaka wa 1989 ikaufuata mpango huo. Aliyejifunza kurudi mwanzo wa mstari kwa Control na A katika Emacs aliikuta njia ile ile katika sheli, na aliyezoea vi aliukuta mkwaju ukitafuta amri zilizopita. Mkono ulijifunza mara moja. (Ulinganifu huo haukukamilika: Control na W hukata sehemu iliyochaguliwa katika Emacs, bali katika bash hufuta neno moja kurudi nyuma.)

Lakini ulinganifu wote huo ulijengwa juu ya dhana kwamba mkwaju si herufi ya mtu yeyote. Kitufe cha w katika vi, kinachomvusha mwandishi neno kwa neno, huliona /ayto'o kuwa maneno manne: mkwaju, ayto, ritifaa, na o. Anayelitafuta hulazimika kuutanguliza mkwaju wa nyuma, la sivyo chombo hudhani kwamba tamko limekwisha. Katika sheli ritifaa hufungua nukuu, na mashine hungoja ifungwe.

Wako watakaosema kwamba tahajia ibadilishwe, na c iko tayari. Shauri hilo ni jepesi mno. Lingewadai Wairaqw wajifunze upya kusoma ili kuifaa mashine ambayo kanuni zake za maneno zaweza kuandikwa upya na mtu mmoja. Ila kanuni ya majina ya faili ni ngumu zaidi, kwa maana imo katika kiini cha mfumo wenyewe. Karani wa Karatu atakaye kulihifadhi faili kwa jina la mahindi huandika ayto'o, na neno hilo hupoteza konsonanti yake ya kwanza.