Wine: mkalimani kati ya Windows na Linux

Una laptopu ya Linux, lakini programu unayoihitaji ni ya Windows tu. Ufanyeje? Swali hili si la leo. Mwaka 1993 Bob Amstadt na Eric Youngdale walianzisha Wine. Mwaka uliofuata Alexandre Julliard akashika usukani. Wine haiigizi kompyuta nzima. Programu ikiomba kwa lugha ya Windows, “nifungulie faili hili”, Wine inatafsiri papo hapo na Linux inatekeleza. Rahisi, eti? Toleo la 1.0 lilitoka 2008, miaka 15 baadaye! Msimbo wa Windows ulikuwa siri, hivyo tabia zake ilibidi zichunguzwe kwa nje, moja baada ya nyingine. Mwaka 2018 Valve ikajenga Proton juu ya kazi hiyo, kwa ajili ya michezo. Basi kabla hujalipia leseni ya Windows, ijaribu Wine kwanza. Ni bure.