Mpingo na Kalausi

Asubuhi ya tarehe 6 Juni 2012 jua lilichomoza juu ya Milimani, Nakuru, likiwa na doa dogo jeusi usoni mwake. Doa hilo lilikuwa Zuhura, sayari jirani yetu, ikipita kati ya dunia na jua. Na kabla ya saa mbili ilikuwa imekwisha kupita. Haitapita hivyo tena hadi mwaka 2117.

Sasa, msomaji, ifikirie nyota iliyo mbali mno, hata doa la namna hiyo lisionekane kabisa. Sayari yake ipitapo mbele, nuru ya nyota hupungua kidogo, kisha hurudi kama ilivyokuwa. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Nasi hapa dalili yetu ni upungufu huo wa nuru. Kiasi kilichopungua huonyesha upana wa sayari ukilinganishwa na wa nyota, na muda uliopo baina ya upungufu mmoja na wa pili ndio mwaka wa sayari hiyo. Sayari ya kwanza ya nyota ya mbali kuonekana ikipita hivyo ni ile ya nyota HD 209458, mwaka 1999.

Sayari ya nyota WASP-71 nayo ilijulikana kwa njia hiyo hiyo. Mwaka wake ni siku 2.9 tu, na uzito wake wapita mara mbili ule wa Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote za jua letu. Hata hivyo, ipitapo, nuru inayopungua haifikii sehemu moja katika mia.

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Falaki uliyaalika mataifa yachague majina. Tanzania iliiita WASP-71 Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Kenya ilipewa nyota HD 83443, ikaiita Kalausi, yaani kisulisuli kwa Kijaluo, na sayari yake Buru, yaani vumbi.

Lakini Buru haijaonekana ikipita mbele ya Kalausi. Wataalamu wa Geneva waliitangaza mwaka 2000 baada ya kuona nyota ikiyumba kidogo kila baada ya siku 3 hivi, kana kwamba yavutwa na kitu. Kwa hiyo mwaka wa Buru twaujua, na twajua kuwa uzito wake haupungui sana sehemu nne katika kumi za Mshtarii. Bali upana wake haujapimwa.

Wataalamu hao walitangaza pia sayari ya pili. Wenzao wa Marekani wakaitafuta, na mwaka 2002 wakaeleza kuwa hawakuiona. Na wagunduzi wenyewe walipopima tena, dalili yake haikuwapo. Na Kenya ilipewa sayari moja ya kuipa jina, wala si mbili.