Waitomo na Wenyewe

Msafiri anayetembea na mkoba mgongoni kando ya Ziwa Te Anau, kusini mwa New Zealand, ataambiwa kwamba pango la ng'ambo ya ziwa, lenye mabuu wanaong'aa gizani, liligunduliwa mwaka 1948 na Lawson Burrows. Burrows alilitafuta kwa miaka mitatu, tena akifuata masimulizi ya kale ya Wamaori. Sasa kipi alichogundua ambacho wenyeji hawakuwa wamekisimulia? Swali hilo nililibeba hadi Waitomo, katika Kisiwa cha Kaskazini, penye pango jingine la aina hiyo, na huko likanitia uchungu zaidi.

Habari za Waitomo huanzishwa mwaka 1887, pale Fred Mace, Mwingereza mpima ardhi, alipoingia pangoni pamoja na chifu Tane Tinorau. Yapo maandishi yanayompa Mace sifa ya ugunduzi na kumfanya Tinorau kiongozi wa njia tu. Mimi sikubali. Nchi ile ni ya Ngāti Maniapoto, kabila la Wamaori. Baada ya vita vya Waikato vya 1863 na 1864, kati ya Wamaori na serikali ya kikoloni, Mfalme Tāwhiao wa Wamaori alikimbilia huko na watu wake, na kwa takriban miaka 20 Wazungu hawakuvuka mpaka bila ridhaa ya wenyeji. Ujenzi wa reli ya kupita nchi hiyo ulianza mwaka 1885, baada ya machifu kukubali. Mace aliingia kwa mlango uliofunguliwa na wenye nyumba. Msomaji wa kwetu atamkumbuka Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa njia aliyekuwa na mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1858 walipofika Ziwa Nyanza. Lakini Bombay alikuwa ameajiriwa katika msafara wa watu. Tinorau alikuwa kwake.

Wenyeji walikuwa wakilijua pango lile, ila ndani kabisa palikuwa hapajachunguzwa. Wawili hao walifunga chelezo cha mabua ya mmea uitwao harakeke, wakawasha mishumaa, wakaufuata mto pale unapozama chini ya mwamba. Darini waliona maelfu ya vinukta vya buluu iliyochanganyika na kijani. Hao ni mabuu wa mdudu mdogo anayefanana na mbu. Kila buu huteremsha nyuzi nyembamba zenye matone ya ute unaonata, kisha huwaka ili wadudu wanaoletwa na mto wavutwe na mwanga na kunasa. Mwenye njaa huwaka zaidi. Akishakuwa mdudu kamili hana mdomo wa kulia. Huishi siku chache, huzaa, hufa.

Tinorau alirudi pangoni bila Mace, na ndipo alipoupata mlango wa juu. Watalii wa leo huingia kwa mlango huo huo. Kufikia 1889 yeye na mkewe Huti walikuwa wakiwapokea wageni na kuwatembeza kwa ada ndogo. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue. Mume na mke waliitambua thamani ya mali yao, wakaifungulia njia, wakaifanyia biashara kwa mikono yao wenyewe, kabla serikali haijaweka mtu wake hapo.

Mwaka 1906 serikali ikachukua usimamizi. Sababu iliyotolewa ni kwamba pango lilikuwa likiharibiwa, na wapo wanaoieleza hatua hiyo kama wokovu. Ni kweli mapambo ya chokaa yalikuwa yakivunjwa. Lakini kama wageni ndio waharibifu, haki gani inamnyang'anya mwenyeji kazi yake? Serikali ingeweza kumsaidia Tinorau kulinda. Badala yake ikamweka kando. Na huo ulinzi wenyewe haukuwa kamili: mwaka 1979, pango likiwa bado mikononi mwa serikali, lilibidi lifungwe kwa miezi kadhaa kwa sababu mabuu walikuwa wamefifia.

Pango la jirani, Ruakuri, lina mazishi ya wahenga karibu na mlango wake wa asili, na tangu 1904 watalii walipitishwa hapo. Lilifungwa mwaka 1988. Lilipofunguliwa tena mwaka 2005, ulikuwa umechimbwa mlango mwingine, wa njia inayozunguka kushuka, ili makaburi yaachwe kwa amani. Lingewezekana tangu mwanzo.

Hoteli ya mwaka 1908, mabasi, mamia ya maelfu ya wageni: hayo yameandikwa vya kutosha. La kukumbuka ni mwaka 1989, ardhi na pango viliporudishwa kwa wazao wa Tane Tinorau na Huti. Sasa wanapata sehemu ya mapato, wana sauti katika usimamizi, na wengi wa wanaofanya kazi pale ni wa ukoo huo. Haki hiyo ilichelewa kwa miaka 83.

Ukifika Waitomo, usitosheke na mianga ya darini. Mwombe anayekuongoza akusimulie habari za Huti, kwa maana katika vijitabu vingi yeye hutajwa mara moja tu, tena nyuma ya mumewe.