Fahali Wawili, Zizi Moja: Ugomvi wa Windows na Linux Ndani ya Laptopu Yako

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Kuna watu waligoma kuamini. Wakaweka Windows na Linux kwenye kompyuta moja, ukiwasha unachagua mwenyewe leo unaingia kwa nani. Ukiona mtu kajaribu hilo kwenye laptopu mpya kabisa na ikamgomea, usimcheke. Ugomvi huu haukuanza jana.

ENZI ZA MLANGO MMOJA

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo ya mezani. Ndani yake mlikuwa na kiprogramu kinaitwa BIOS, kazi yake kuamsha mashine halafu kuita mfumo endeshi. Mwaka 1983 ukaja utaratibu wa MBR: kipande cha kwanza kabisa cha diski, baiti 512 tu, ndicho kinaieleza mashine ianzie wapi. Programu yenyewe iliachiwa baiti 446. Hizo ni kama meseji tatu za simu, basi!

Mlango ukiwa mmoja, anayeingia mwisho ndiye anabadilisha kufuli. Ukipiga Windows upya, ilikuwa inaandika juu ya chochote kilichokuwa pale bila hodi. Linux bado ipo kwenye diski, nzima kabisa, ila hakuna wa kuiita.

Linux yenyewe ilitangazwa Agosti 1991 na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland, kijana wa miaka 21. Wengi walioitaka walikuwa na kompyuta moja tu, na hawakuwa tayari kufuta walichonacho. Ndipo jamaa wa kujitolea wakatengeneza LILO, na mwaka 1995 ikaanza GRUB, ile menyu nyeusi inayokuuliza unataka mfumo gani. Zizi likapata mchungaji.

2012: MLINZI ANASIMAMA GETINI

BIOS ilizeeka. MBR ilikuwa haiwezi kutumia diski ya zaidi ya TB 2. Intel ikaja na EFI, na mwaka 2005 kampuni kadhaa zikaungana kuisimamia kwa jina la UEFI. Humo kila mfumo una folda yake kwenye patisheni ndogo ya pamoja. Kufutana kungekwisha, kwa maelezo ya kwenye karatasi.

Oktoba 2012 ikatoka Windows 8. Microsoft ikawaambia watengenezaji: ukitaka stika ya Windows kwenye mashine yako, washa Secure Boot. Maana yake, mashine inakataa kuamsha programu yoyote isiyo na saini inayotambulika. Sababu ilikuwa ya kweli, maana kuna virusi vinavyoingia kabla hata mfumo haujaamka, na huko antivirusi haifiki. Lakini swali likabaki: saini ya nani? Kwenye laptopu nyingi, jibu ni ya Microsoft.

Watu wa Linux wakawaka. Kwenye mashine za Intel na AMD masharti yalimruhusu mwenye mali kuzima ulinzi huo. Zile za ARM zilizokuja na Windows, hapana. Mwisho wakatengeneza kiprogramu kidogo kinaitwa shim, kikapelekwa Microsoft kisainiwe. Ada ya huduma hiyo ilikuwa dola 99. Yaani mpangaji anaenda kuomba ufunguo kwa jirani aliyegombana naye!

WALIOLIZWA

Januari 2013 ikagundulika baadhi ya laptopu za Samsung zinakufa kabisa zikiwashwa na Linux kwa njia ya UEFI. Desemba 2017 Ubuntu 17.10 iliondolewa kwenye ukurasa wa kupakua, kwa sababu iliharibu BIOS za baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa za Lenovo.

Halafu Agosti 2024. Microsoft ilitoa apdeti ya kuzuia GRUB za zamani zenye matundu ya usalama. Ilisema mashine zenye mifumo miwili hazitaguswa. Ziliguswa. Watu waliwasha laptopu zao wakakuta Linux imefungiwa nje kwa madai ya kuvunja sera ya usalama. Suluhisho kamili lilikuja na apdeti za Mei 2025. Miezi 9!

LAPTOPU MPYA INAGOMEA WAPI?

Historia yote hiyo ndiyo inakutana na fundi siku ya kazi.

Kwanza, Linux haioni diski. Laptopu nyingi za Intel huja diski ikiwa chini ya RST au VMD. Hubadilishwa kuwa AHCI, ila ukibadili ghafla Windows nayo inaweza kugoma kuwaka. Iandaliwe kwanza kwa kuiwasha kwenye Safe Mode.

Pili, BitLocker. Ukigusa Secure Boot, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Usipopatikana, picha, kazi za chuo na kila kitu cha ndani kwaheri. Huu unatafutwa KABLA ya kugusa chochote.

Tatu, Fast Startup. Ilikuja na Windows 8: ukizima mashine, Windows inasinzia tu, haijalala. Linux ikifungua ile diski inaruhusiwa kusoma bila kuandika. Dawa ni kuizima.

Nne, saa. Windows huandika saa za hapa kwenye mashine, Linux huandika za kimataifa. Kwa Afrika Mashariki, ukirudi Windows saa iko nyuma kwa masaa 3. Wengi hudhani betri ya ndani imekufa, wananunua nyingine. Kumbe ni amri moja tu upande wa Linux: timedatectl set-local-rtc 1.

MWENYE ZIZI NI NANI?

Ukichimba chini, ng'ombe wenyewe hawana shida sana. Shida ni nani ameshika ufunguo wa zizi. Mtu anadunduliza miezi, analipa laptopu yake taslimu, halafu apdeti ya usiku mmoja inaamua kipi kiwake ndani yake. Ulinzi ni muhimu, hakuna anayebisha. Ila mlinzi anayemfungia nje mwenye nyumba, huyo analinda nyumba ya nani?

Wadau, tupieni maoni hapo chini.