Sam Wooding

Samuel David Wooding (17 Juni 1895 – 1 Agosti 1985) alikuwa mpiga piano, mpangaji wa muziki na kiongozi wa bendi ya jazz kutoka nchini Marekani. Anafahamika hasa kwa kazi yake barani Ulaya kati ya mwaka 1925 na 1931. Alipata umaarufu huko kabla ya viongozi wengi wa bendi ambao leo wanajulikana kuliko yeye, lakini nyumbani kwao alisahaulika.

== Maisha ya awali ==
Wooding alizaliwa mjini Philadelphia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipelekwa Ufaransa akiwa mwanajeshi, akapiga muziki katika bendi ya kikosi chake. Baada ya vita aliongoza bendi mjini New York, na mwaka 1924 alichukua nafasi ya Fletcher Henderson katika ukumbi wa Club Alabam.

== Ulaya ==
Mwezi Mei 1925 bendi yake ilifika Berlin pamoja na kundi la waimbaji na wachezaji Wamarekani weusi katika onyesho lililoitwa *Chocolate Kiddies*. Sehemu ya nyimbo za onyesho hilo ilitungwa na Duke Ellington, aliyekuwa bado kijana. Miongoni mwa wanamuziki wa Wooding walikuwemo mpiga tarumbeta Tommy Ladnier, Garvin Bushell, Gene Sedric na Willie Lewis.

Wooding alisimulia baadaye kwamba usiku wa kwanza watazamaji walipaza sauti wakisema "bis", yaani wimbo urudiwe. Wanamuziki waliingiwa na hofu, kwa sababu neno hilo linakaribiana kimatamshi na neno la Kiingereza lenye maana ya mnyama; walidhani wanatukanwa.

Mwaka huohuo bendi ilirekodi santuri mjini Berlin kwa kampuni ya Vox, ukiwemo wimbo "O Katharina", uliopendwa sana Ujerumani wakati ule. Kijana mmoja aliyewasikia mjini humo alikuwa Alfred Lion, ambaye mwaka 1939 alianzisha kampuni ya Blue Note.

Safari iliendelea katika nchi nyingine za Ulaya, kisha Umoja wa Kisovyeti mwaka 1926 na Argentina mwaka 1927. Wooding alirudi Marekani kwa muda mfupi, akaenda tena Ulaya mwaka 1928 na bendi mpya aliyokuwemo Doc Cheatham. Mwaka 1929 walirekodi Barcelona na Paris. Bendi ilivunjika mwaka 1931, na Willie Lewis akabaki Ulaya kuongoza bendi yake mwenyewe.

== Kurudi Marekani ==
Mtindo wa jazz ulikuwa umebadilika wakati Wooding hayupo. Santuri zake zilikuwa zimetengenezwa ng'ambo, hivyo Wamarekani wachache walizijua, na bendi aliyoiunda upya haikufanikiwa. Alisoma muziki katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akaongoza kwaya ya nyimbo za kiroho, kisha akawa mwalimu. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mpiga tarumbeta Clifford Brown.

Katika miaka ya 1970 aliunda tena bendi kubwa na kupiga nayo Ulaya. Alifariki mjini New York akiwa na umri wa miaka 90.